Chombo Kimoja, Manahodha Saba

Hotuba kwa wanafunzi wanaomaliza mafunzo ya ubaharia

Mwenyekiti, walimu, wazee wenzangu mliokubali kukaa kwenye joto hili, na ninyi vijana ambao kesho mnaanza kutafuta meli za kuwachukua: asanteni kwa kunikaribisha.

Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague chombo chochote nikipendacho. Najua wengi mlitarajia habari za majahazi yetu. Hizo wapo wanaozijua kuliko mimi, na baadhi yao wamekaa mstari wa mbele hapa. Mimi nimechagua merikebu ya Waskoti, iliyoundwa ili kupeleka chai ya China Uingereza, ambayo kwa kazi hiyo haikupata sifa kubwa. Jina lake Cutty Sark. Wengi mmeiona pichani. Iko Greenwich, London, imesimama nchi kavu. Wageni wanaoitembelea hupenda kuamini kwamba iliwashinda wote kwenye chai. Haikuwashinda. Sifa yake ya kasi ilikuja miaka mingi baadaye, ikibeba sufu, ikiwa imeshazeeka na imekatwa milingoti. Mbao zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni shehena, ni njia, na ni mtu aliyesimama tezini, huko nyuma ya chombo. Huyo mtu ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Kwanza tuelewane klipa ni nini. Ni merikebu ya matanga iliyojinyima nafasi ya mizigo ili ipate mwendo. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, imechongwa nyembamba kama kisu, milingoti ni mirefu kupita kiasi, foromali, ile miti inayobeba matanga, zimejaa matanga kuanzia chini hadi juu kabisa. Mfanyabiashara mwenye akili timamu hajengi chombo cha namna hiyo abebe makaa ya mawe. Alijenga kwa ajili ya chai, kwa sababu chai ya mavuno ya kwanza iliyowahi kufika London iliuzwa bei ya juu, na mwenye kufika wa kwanza aliweza kupewa bahashishi juu ya nauli yake. Mwaka 1866 klipa mbili, Taeping na Ariel, ziling'oa nanga Foochow, China, kwa maji mamoja, zikazunguka nusu ya dunia, zikafunga gati London baada ya siku 99, zikiwa zimepishana dakika 28. Siku 99 baharini, halafu dakika 28! Waingereza walizibetia meli hizo kama leo mnavyobetia mpira.

Mzee John Willis, tajiri wa meli wa London aliyejulikana kwa kofia yake nyeupe, alitaka naye awe na merikebu ya kushinda mashindano hayo. Hasa alitaka kuishinda Thermopylae, iliyoundwa Aberdeen mwaka 1868 na ambayo katika safari yake ya kwanza ilifika Melbourne kwa siku 63. Basi akaenda Dumbarton, kwenye mto Clyde, kwa kampuni changa ya Scott na Linton. Hercules Linton ndiye aliyechora. Willis alikuwa tayari na merikebu aliyoipenda mno, The Tweed, na akataka tabia zake ziingie katika merikebu mpya. Hapa niwape kitu cha kwetu kidogo. The Tweed iliundwa Bombay, kwa msaji, ikiwa manowari ya moshi yenye magurudumu ubavuni. Willis aliinunua, akang'oa mashine, akaipandisha matanga. Kwa hiyo klipa mashuhuri kuliko zote za Uskoti ina damu ya mafundi wa Bombay, na wazee waliosafiri kufuata mbao za Malabari kwa ajili ya majahazi yao wasingeshangaa hata kidogo.

Bei waliyokubaliana ilikuwa pauni 17 kwa kila tani, jumla isizidi pauni 16,150. Willis alikuwa mgumu. Mkaguzi wake alisimama juu ya vichwa vya mafundi, ubao usiompendeza unatolewa. Kampuni ikafilisika merikebu haijaisha, na kazi ikamaliziwa na kampuni ya Denny ya hapohapo Dumbarton. Mwenye mali akapata chombo bora kwa bei poa, na waliokiunda wakafunga duka. Hayo yanatokea mpaka leo, tena si mbali na hapa.

Niwaelezee ilivyofungwa, maana ninyi ni watu wa kazi hii. Mataruma, yaani mbavu za ndani, ni ya chuma, ila ubavu ni wa mbao, msaji ukiwemo. Kwa nini wachanganye? Chuma kinatoa nguvu bila kula nafasi ya ngama, yaani sehemu ya mizigo. Lakini meli yenye ubavu wa chuma haikuweza kuvalishwa shaba chini ya maji, kwa sababu madini hayo mawili yakikutana ndani ya maji ya chumvi, chuma kinaliwa. Na bila shaba, mwani na makome wanashika, na mwendo unakufa. Ukiweka mbao katikati, unaweza kugongomelea mabati ya shaba iliyochanganywa na zinki kuanzia mkukuni, ule uti wa chini kabisa, hadi usawa wa maji. Kazi ambayo wazee wetu waliifanya kwa shahamu na chokaa kila chombo kilipopandishwa ufukoni, Waskoti waliifanya kwa bati. Urefu wa merikebu yenyewe ni mita 65, upana mita 11 tu. Ikifungua matanga yote inapata karibu mita za mraba 3,000 za kitambaa. Kamba zake zikinyooshwa zinafika kilomita 17 na zaidi. Na kila kamba ina jina lake, na kijana wa miaka 15 alitakiwa aijue gizani, mvua ikimpiga.

Jina limetokana na shairi la Robert Burns, mshairi wa Waskoti, kuhusu mlevi anayefukuzwa na mchawi kijana aliyevaa shimizi fupi. Mchawi huyo ndiye sanamu iliyopo kwenye omo, ameshika mkia wa farasi mkononi. Niendelee.

Ilishushwa majini tarehe 22 Novemba 1869. Kumbukeni tarehe hiyo, halafu wekeni pembeni yake tarehe 17 Novemba 1869, siku ulipofunguliwa Mfereji wa Suez. Siku tano! Mzee Willis alimaliza kulipia chombo cha kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema wiki ileile njia ya mkato ilipofunguliwa. Na mtaniuliza: kwa nini klipa nazo zisipite Suez? Kwa sababu ndani ya mfereji lazima uvutwe na tishali, na hiyo ni gharama. Na ukishatoka, Bahari ya Sham ni nyembamba, ina miamba pande zote mbili, na upepo wa sehemu ya kaskazini unatoka kaskazini karibu mwaka mzima. Klipa ingefika huko ikabishe upepo wiki nzima kwenye uchochoro. Meli ya moshi haijali. Inapakia makaa Aden, inaendelea. Na mashine za moshi zenyewe zilikuwa zimeshaboreshwa, zinakula makaa kidogo kuliko zamani. Huku kwetu mambo hayakuchelewa: mwaka 1872 meli za moshi za British India zilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden.

Kwa hiyo Cutty Sark ilizaliwa imechelewa. Safari ya kwanza ilianza Februari 1870, nahodha George Moodie, kwenda Shanghai. Mwezi Oktoba ilirudi na chai zaidi ya ratili milioni 1.3. Mwendo ulikuwa wa heshima, si wa kutisha. Ilifanya safari nane za chai kwa jumla, ya mwisho mwaka 1877, na hakuna hata moja iliyoipa taji. Thermopylae ilikuwa bora kwenye pepo nyepesi za bahari ya China. Cutty Sark ilitaka upepo mkali, na upepo mkali kwenye njia ya chai haupatikani kila siku.

Ila kuna safari moja ya kushindwa ambayo mimi naiweka juu ya ushindi mwingi.

Juni 1872 Cutty Sark na Thermopylae zilikuwa Shanghai pamoja, zote zimepakia chai, zote zinakwenda London, na zikaondoka kwa wakati mmoja. Ndiyo mara pekee zilipopambana hivyo, chombo kwa chombo. Kwenye bahari ya China zikawa zinapokezana. Baada ya Mlango wa Sunda zikaingia Bahari ya Hindi, pepo za kusini-mashariki zikashika barabara, na Cutty Sark ikapata upepo inaoupenda. Mwanzoni mwa Agosti ilikuwa mbele kwa maili kama 400. Tarehe 15 Agosti, dhoruba ikiwa kali upande wa kusini mwa Afrika, wimbi moja likaupiga usukani, ukang'oka, ukaenda na maji.

Merikebu ya mita 65, imejaa chai, haina usukani. Ndani yake yupo Robert Willis, ndugu wa mzee Willis mwenye merikebu, amepanda kama abiria. Robert Willis akaamuru waingie bandari ya karibu Afrika Kusini. Kwa hesabu ya mfanyabiashara alikuwa na haki. Moodie akakataa. Aliamini wanaweza kuunda usukani mwingine palepale, baharini, ndani ya dhoruba. Wakagombana vibaya mbele ya mabaharia, lakini amri ya chombo ni ya nahodha, na Moodie hakuiachia.

Sasa angalieni kazi ilivyofanyika. Seremala alikuwa Henry Henderson. Walichukua boriti za akiba zilizobebwa kwa ajili ya milingoti, wakazipasua na kuzichonga ziwe uti na ubavu wa usukani. Vyuma vya kuziunganisha vilitakiwa kufuliwa, basi wakaweka tanuri la mhunzi juu ya sitaha, merikebu ikiyumba na maji yakipanda ubavuni. Kulikuwa na watu wawili waliojificha melini kule Shanghai wakitaka kurudi Uingereza bila nauli, na kwa bahati mmoja wao alijua uhunzi. Mtoto wa nahodha, Alexander, akapewa kazi ya mivukuto. Wimbi likaja, merikebu ikalala, tanuri likapinduka, na makaa yaliyowaka yakammwagikia kijana yule kifuani. Wakayazoa, wakawasha upya, wakaendelea.

Na kuuunda usukani ni nusu tu ya kazi. Lazima uuteremshe nyuma ya tezi, kitu kizito kama kile, uuingize mahali pake huku tezi inapanda na kushuka. Walifanya hivyo kwa minyororo na kamba zilizopitishwa chini ya mkuku. Siku sita baada ya kupoteza ule wa kwanza, Cutty Sark ilikuwa inaongozwa tena. Usukani ule wa kuunga haukuruhusu kulazimisha mwendo, na kabla ya kufika nyumbani vifungio vyake vililegea, ikabidi uvuliwe na kukarabatiwa upya baharini. Ilifika London tarehe 18 Oktoba, siku 122 tangu kuondoka. Thermopylae ilikuwa imetangulia kwa wiki moja tu.

Wiki moja! Watu wa London waliisifia iliyoshindwa kuliko iliyoshinda. Na Moodie? Aliacha kazi, akahamia meli za moshi. Ugomvi na ndugu wa tajiri haukumtoka. Willis alipoteza nahodha wake bora wa wakati ule kwa sababu ya mtu ambaye hakuwa na kazi yoyote ndani ya merikebu. Ninyi mtakaokuwa manahodha mtakutana na Robert Willis wenu; siku hizi hapandi melini, anapiga simu ya setilaiti.

Baada ya Moodie alikuja Moore, naye hakukaa. Akafuata Tiptaft, mtu mtulivu, aliyeendelea na chai mpaka chai ikaisha. Meli za moshi zilikuwa zimeshapanda mto Yangtze mpaka Hankow na kuzoa mavuno ya kwanza. Klipa zikabaki zinagombania makombo. Tiptaft alifia Shanghai mwaka 1878, na merikebu ikawa tayari imeanza maisha ya kuokoteza: makaa, juti, mafuta ya mbarika, chochote chenye nauli. Unahodha akapewa msaidizi wake, J. S. Wallace.

Nije kwenye mwaka 1880, na hapa nitakwenda polepole, maana jambo hili husemwa haraka haraka kwa aibu. Merikebu ilipakia makaa Wales kupelekea jeshi la maji la Marekani huko Japani. Wallace alikuwa kijana mchangamfu, anapendwa. Ofisa wake mkuu alijiita Sidney Smith, mtu wa mabavu. Kati ya mabaharia alikuwemo mtu mweusi aliyeitwa John Francis, ambaye kwa maelezo yote hakuwa hodari wa kazi za sitahani, na Smith alimuandama tangu siku za mwanzo. Siku moja walipishana juu ya amri ya kufungua kamba ya tanga. Smith akamfuata kule omo, wakakabiliana, na Smith akampiga kichwani kwa mti wa kuzungushia nanga. Francis hakuzinduka. Alikufa baada ya siku tatu, akazikwa baharini.

Mabaharia walitaka Smith akabidhiwe sheria. Wallace naye angeweza kumfunga pingu mpaka bandari yenye hakimu. Badala yake, walipotia nanga Anjer, kwenye Mlango wa Sunda, alimruhusu atoroke kwa siri, akapanda meli ya Kimarekani iliyokuwa inapita. Asubuhi mabaharia walipojua, wakaweka mikono mfukoni. Hawakufanya fujo, waligoma kufanya kazi. Wallace akang'oa nanga na wanagenzi na mafundi wachache. Halafu upepo ukafa. Siku tatu za shwari kwenye bahari ya Java, jua la ikweta, matanga yananing'inia, wanaume wamekaa sitahani kimya wanamtazama. Wallace alijua mwisho wa safari ni uchunguzi, na uchunguzi ni kupoteza cheti chake. Alfajiri ya siku ya nne, zamu ikiwa inabadilishana, akamwita mshika usukani akamuuliza kama anaifuata dira sawasawa, kisha akaenda tezini akajirusha. Mashua iliteremshwa. Hawakupata mtu.

Smith alikuja kutambuliwa London miaka miwili baadaye kwa jina lake halisi, John Anderson, akashtakiwa, akapata kifungo cha miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Mimi sikubaliani na wanaomwonea huruma Wallace peke yake. John Francis naye alikuwa mtu. Alipanda chombo kilichokuwa na nahodha, na nahodha alimwona ofisa wake akimuonea kwa wiki nyingi, akaona ni mambo ya kazi.

Nahodha aliyefuata aliokotwa haraka haraka kutoka kwenye meli nyingine ya Willis, anaitwa Bruce. Nisipoteze muda wenu. Alikuwa mlevi, alipenda sana kuhubiri, na alisafiri bila chakula cha kutosha mpaka mabaharia wakaomba vyakula kwa meli zilizokutana nao njiani. Walipofika New York mwaka 1882 alisimamishwa na cheti chake kikachukuliwa. Akaletwa Moore mwingine pamoja na mabaharia wapya.

Naomba muitazame merikebu ilivyo hapo. Ina miaka 13. Imeshindwa kazi iliyoundiwa. Imeua mtu, imepoteza nahodha, imetia njaa watu wake. Mwaka 1880 milingoti ilikuwa imepunguzwa, foromali zikafupishwa, ili iendeshwe na watu wachache. Kwa mujibu wa vitabu vya hesabu, hiki ni chombo cha kuuzwa.

Ndipo ikapata sufu. Australia inakata manyoya ya kondoo kuanzia kama Oktoba, na minada mikubwa ya London inafanyika mwanzoni mwa mwaka. Ukichelewa, robota zako zinakaa ghalani kungoja mnada mwingine. Kwa hiyo haraka ilikuwa na bei tena, kama zamani za chai. Na njia ilikuwa ndefu mno kwa meli za moshi za wakati ule kuipata kwa faida: vituo vya makaa vichache, bahari pana. Wakati wa kwenda unapita chini ya Rasi ya Tumaini Jema; wakati wa kurudi unapita Pembe ya Horn, chini ya Amerika ya Kusini. Mara zote mbili unafuata pepo za magharibi za latitudo ya 40 na kusini zaidi, pepo ambazo hazina nchi ya kuzizuia. Upepo mkali, kila siku, kutoka nyuma. Merikebu ilipata hatimaye upepo iliyochongewa.

Sufu ilishindiliwa ngamani kwa jeki za skrubu mpaka sitaha inalia. Desemba 1883 Moore aliondoka Newcastle, New South Wales, na robota 4,289, akafika London kwa siku 83. Wapinzani wake walikuja nyuma sana. Lakini mwenye merikebu hii ni aliyekuja baada yake mwaka 1885, Richard Woodget.

Woodget alizaliwa pwani ya Norfolk, akaanza ubaharia kwenye vyombo vidogo vya mwambao, na alijua kila kazi ya sitahani kuliko mtu aliyemwamuru aifanye. Hilo ni la kwanza. La pili, hakuogopa kusini. Wenzake waliposhika latitudo ya 45 au hivi, yeye alishuka zaidi, akatafuta upepo mkali na njia fupi, akapita katikati ya milima ya barafu. Alikuwa na kamera, akaipiga picha milima hiyo. Alishuka hata mashuani kuipiga picha merikebu yake, ndiyo maana leo tuna sura yake halisi ikiwa kazini. Alifuga mbwa wa aina ya collie melini. Alijifunza baiskeli kwenye sitaha ya kati wakati hamna mzigo. Unaweza kumcheka, lakini mabaharia walikaa naye, na mtu aliyeishi miezi mitatu na nahodha mmoja anajua hiyo maana yake.

Safari yake ya kwanza ya sufu, kutoka Sydney, ilichukua siku 73. Thermopylae, ile ile ya mwaka 1872, ilikuja nyuma kwa wiki moja. Miaka miwili baadaye alitoka Newcastle akaiona rasi ya Lizard, mwanzo wa Uingereza, siku ya 69. Na haya yote kwa milingoti iliyopunguzwa na watu ishirini na kitu, pungufu kuliko siku za Moodie. Mwenye kusema kasi ni ya chombo tu, anieleze hapo.

Usiku wa tarehe 25 Julai 1889, nje ya pembe ya kusini-mashariki ya Australia, meli mpya ya moshi ya kampuni ya P&O, Britannia, ilikuwa inakwenda Sydney kwa noti kama 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa. Ofisa wa zamu akaona nyuma taa za chombo kinachokuja kwa kasi. Akadhani ni meli ya moshi nyingine. Taa zikasogea, zikawa ubavuni, zikapita. Hapo ndipo walipoona ni matanga. Cutty Sark ilikuwa inakwenda noti 17, na ina karibu miaka 20. Habari hiyo ilisambaa. Nakiri kuwa mimi, niliyezeekea kwenye chumba cha mashine, huipenda stori hiyo kinyume na maslahi yangu.

Lakini stori nzuri haibadilishi nauli. Meli za moshi ziliendelea kukua, na sufu nayo ikaenda nazo. Mwaka 1895 mzee Willis akaiuza kwa kampuni ya Kireno ya Joaquim Antunes Ferreira, ikabadilishwa jina ikawa Ferreira. Wareno waliifanyisha kazi zaidi ya miaka 25, na mimi nadhani hawapewi heshima yao. Kama si wao ingeshakuwa kuni. Waliipeleka Brazili, Angola, Msumbiji, Marekani, na hao mabaharia wa Kireno wakaendelea kuiita kwa jina la utani lenye maana ileile ya shimizi fupi. Thermopylae nayo iliishia kwao, ikiwa meli ya mafunzo, ikachoka, na Oktoba 1907 jeshi lao la maji likaipeleka nje ya Cascais likaizamisha kwa torpido.

Mwaka 1916, vita vikiendelea, Ferreira ilivunjwa milingoti na dhoruba karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Ikavutwa mpaka Cape Town. Mbao za milingoti mirefu hazikupatikana kwa ajili ya vita, ikafungwa matanga ya namna nyingine, mepesi, yanayohitaji watu wachache. Ilikuwa haitambuliki. Mwaka 1922 ikauzwa, ikaitwa Maria do Amparo, na mwaka huohuo ikaonwa Falmouth na Nahodha Wilfred Dowman. Yeye alipokuwa mwanagenzi, miaka ya 1890, aliiona Cutty Sark ikiipita merikebu yake baharini na hakuwahi kuisahau. Akainunua kwa pauni 3,750, zaidi ya ilivyostahili chombo chakavu, akairudishia milingoti mitatu na jina lake. Pesa nyingi zilikuwa za mkewe, Catharine. Sijui kwa nini maelezo mengi humtaja mume tu. Dowman alipofariki mwaka 1936, mke ndiye aliyeitoa zawadi kwa chuo cha mafunzo ya ubaharia kwenye mto Thames. Mwaka 1938 ilivutwa kutoka Falmouth hadi Greenhithe. Hiyo ndiyo safari yake ya mwisho baharini, na ilikwenda kuwa shule ya vijana kama ninyi.

Mwaka 1954 ikaingizwa kwenye gati kavu ya Greenwich, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 1957. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 2007, wakati inakarabatiwa, ikaungua. Uchunguzi ulielekeza kwenye mashine ya kufyonza vumbi iliyoachwa imewashwa wikiendi nzima. Bahati ni kwamba milingoti, sanamu ya omo na mbao nyingi zilikuwa zimeshatolewa kwa ajili ya ukarabati. Mataruma ya chuma yalipinda mahali kadhaa, lakini yalihimili.

Ilifunguliwa tena mwaka 2012. Wameiinua kama mita tatu juu ya sakafu ya gati, wakaizungushia paa la vioo usawa wa maji, na Waingereza wenyewe walilipa jengo hilo tuzo ya kejeli ya jengo baya la mwaka. Nami naona chombo kilichoundwa kubebwa na maji kisining'inizwe kwenye vyuma. Ila kwa fundi kuna faida: unaingia chini yake, unasimama chini ya mkuku, unaona mstari wote kuanzia omo ilivyochongwa hadi tezi ilivyojaza. Moodie na Woodget waliuona mstari huo mara chache tu, gatini. Atakayepata meli ya kwenda London, asianzie dukani wala sitahani. Ashuke chini kwanza, aende nyuma, atafute usukani, kisha apige hesabu watu wa Moodie walikuwa wamening'inia wapi.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Wenye maswali waanze. Nimeona mkono pale nyuma tangu nilipomtaja Bruce.